Shamba Juu ya Meza: Nani Atakula Baada ya Vita?

Mama msomaji, likizo ya mwezi wa Juni inapofika, wengi wetu tunaijua shughuli yake. Watoto wako nyumbani kutwa nzima, uwele umekwisha kuvunwa na unangoja kupurwa, na kila baada ya nusu saa kuna anayekuja kulalamika kwamba hana la kufanya. Hapa kwetu Zuzu, magharibi ya Dodoma kwenye njia ya reli ya kati, likizo moja ilituletea jambo ambalo hatukulitegemea. Kijana wetu wa miaka 11 alirudi kutoka kwa binamu zake mjini akiwa na mfuko wa askari wa plastiki, kila mmoja ana urefu wa sentimita 3 hivi. Siku ya pili yake meza yetu ya chakula ilikuwa imegeuka uwanja wa vita.

Wazo la kwanza lililotujia lilikuwa kuwakusanya askari wale na kuwafungia kabatini. Ni mama gani anayefurahi kumwona mwanawe akicheza kuua? Lakini kabla hatujafungua kinywa, mtoto akauliza: "Mama, shamba la uwele likitazamwa kutoka juu linaonekanaje? Nataka askari wangu wajifiche humo."

Swali lile lilituchoma. Mtoto amezaliwa Zuzu, amekula ugali wa uwele na mlenda tangu alipoachishwa ziwa, na bado hajui jinsi mistari ya uwele inavyokwenda. Tukaona heri tukae naye pale mezani kuliko kumfukuza. Tunawaletea hapa tuliyojifunza, kwa mikono na kwa moyo, tukiamini kwamba yatamfaa mama mwingine.

MCHEZO HUU UMETOKA WAPI?

Michezo ya vita ya mezani si kitu kipya. Mwaka 1812 bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia, dola iliyokuja kuwa sehemu ya Ujerumani, meza ya pekee. Juu yake palipangwa vipande vilivyoonyesha vilima, mito, barabara na vijiji, na vipande vingine vikawa majeshi. Maofisa walijifunza vita kwa njia ya namna hiyo. Baadaye mchezo ukaingia majumbani. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza, H.G. Wells, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, cha kufundisha watu kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni. Mwishoni mwa kitabu hicho yeye mwenyewe aliona kwamba vita vidogo vya kuchezea vina heri kuliko vita vikubwa vya kweli. Mwaka uliofuata, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza.

Hata leo wako watu wazima wengi Ulaya na Marekani wanaotumia jioni zao kutengeneza mashamba madogo, ua, mazizi na nyumba za udongo kwa ajili ya michezo hii. Ni kazi ya mikono ya ustadi mkubwa, na vifaa vyao vingi ni takataka za jikoni. Hapo ndipo tulipoona kwamba nasi tunaweza.

MAHITAJI

- Ubao mwembamba au boksi gumu, sentimita 60 kwa 60.
- Maboksi makavu, hasa yale yenye mikunjo ndani.
- Udongo wa kichuguu na majivu kidogo.
- Mchanga mwekundu wa uwanjani, uliochekechwa kwa chujio kuukuu la chai.
- Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yaanikwe mpaka yakauke kabisa.
- Unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala.
- Kipande cha kikanyagio kikuukuu cha mlangoni, kile cha makumbi ya nazi, au nyuzi za katani.
- Vijiti, miiba, na mzizi mmoja mnene mkavu.
- Gundi nyeupe ya maseremala. Uji mzito wa unga wa ngano nao unashika, ila huvutia mende na panya.

Kama kuna mtoto mdogo ndani ya nyumba, askari na punje zote zihifadhiwe juu, kwa kuwa mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka kinywani. Kisu na mkasi vibaki mkononi mwa mkubwa.

HATUA KWA HATUA

Ardhi. Paka gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu juu ya ubao wote, kisha nyunyiza mchanga mwekundu kama unavyonyunyiza unga kwenye ubao wa chapati. Acha ukauke, kung'uta uliobaki. Huna haja ya rangi ya dukani. Mchanga wa Zuzu una rangi yake, na hakuna kopo litakaloifikia. Mahali pa majani makavu weka majani ya chai, na kwenye njia ya ng'ombe acha mchanga mtupu.

Kilima. Kata vipande vya boksi vinavyopungua ukubwa, vipange kimoja juu ya kingine, gundisha, kisha funika kwa udongo. Baba yao ndiye aliyeichukua kazi hii, naye akapachika mawe halisi juu ili kilima kifanane na vile vyetu vya miamba.

Shamba lililolimwa. Chukua boksi lenye mikunjo ndani, lilowanishe upande mmoja, bandua karatasi ya juu taratibu. Utaona matuta yamelala sambamba kana kwamba jembe limepita. Paka gundi, nyunyiza mchanga, na shamba liko tayari kupandwa.

Uwele. Kata kikanyagio cha makumbi katika vipande vyembamba na uvisimamishe kwa mistari, ukiacha nafasi ya sentimita 1 na nusu. Kwa askari wa sentimita 3, uwele uwe na sentimita 4 au 5, maana uwele mzuri humpita mtu mzima. Kijana wetu alitaka kuufanya wa magotini. Tukamkumbusha alivyopotea humo siku ya kuwinga ndege. Kati ya mistari, nyunyiza unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani uwe karanga.

Tembe. Nyumba ya asili ya Wagogo ni rahisi kuiiga kwa sababu ni ya pembe nne na paa lake ni la bapa. Tengeneza kiboksi kirefu cha kimo cha sentimita 4, panga vijiti juu yake, kandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili usipasuke. Ukiunganisha vyumba kuuzunguka uwanja, utapata nafasi ya zizi katikati. Kausha kivulini siku 3 au 4, usianike juani.

Ng'ombe na miti. Kufinyanga ng'ombe hakuhitaji mwalimu. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliwafinyanga na kuwatia pembe za miiba. Kwa mbuyu, chukua ule mzizi mnene na uusimamishe kichwa chini, miguu juu. Watu husema mbuyu ulipandwa kichwa chini. Mezani kwetu imekuwa kweli.

EKARI HAIENEI MEZANI

Baada ya siku nne tulikuwa na kijiji. Kijana akafurahi, dada yake wa miaka 8 akawa anawapeleka ng'ombe kisimani. Ndipo tukafanya hesabu moja iliyotushangaza.

Kwa kipimo hiki sentimita 1 ya mezani ni kama sentimita 60 za kweli. Ekari moja, ikiwa ni mraba, ina karibu mita 64 kila upande. Ukigawanya, ekari moja mezani ingehitaji zaidi ya mita 1 kila upande. Ubao wetu wote haufikii hata nusu ya ekari! Shamba tulilokuwa tumeliweka, la ukubwa wa sahani mbili, lilikuwa sawa na bustani ya nyuma ya nyumba.

Wachezaji wote wa michezo hii hufanya vivyo hivyo, kwani bila kulipunguza shamba hapatabaki nafasi ya askari. Katika sheria nyingi za mchezo, shamba lina kazi mbili tu: kuwapunguzia askari mwendo au kuwaficha. Hakuna anayeuliza limezaa magunia mangapi. Mama anayeamka alfajiri miezi ya Desemba na Januari kupalilia ekari mbili huku akilitazama wingu linalopita bila kudondosha tone, yeye hayumo katika mchezo. Tukajiuliza: je, ndivyo mtoto wetu atakavyoitazama ardhi, kama mahali pa kupita tu?

SWALI LA BIBI

Jioni ile bibi yao alikuwa akipeta uwele ukumbini. Kijana akamwita aje aone vita. Bibi akaweka ungo chini, akaitazama meza kwa muda mrefu, akalisifu zizi, akaucheka mbuyu. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kihenge kiko wapi?"

Hatukuwa tumetengeneza kihenge. Tulikuwa na kilima, tembe, ng'ombe na askari arobaini, lakini hatukuwa na mahali pa kuweka chakula.

"Hawa askari wako wanakula nini?" bibi akaendelea.

"Bibi, hawa hawali. Ni wa plastiki."

"Wale wa kweli walikula," bibi akasema, akavuta kigoda.

Akawasimulia watoto habari ya mtunya, kama alivyoisikia kwa mama yake mzazi.

MTUNYA

Wasomaji wetu wengi wa Dodoma wamelisikia neno hili kwa wazee. Kwa wengine, tueleze kwa kifupi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliitawala nchi hii. Jeshi lao lilichukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo kwa ajili ya askari, na watu kwa ajili ya kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wengi wao kutoka Afrika Kusini, yaliingia Dodoma. Nayo yalitaka chakula, yalitaka ng'ombe, na yalitaka wapagazi. Wenye nguvu za kulima wakaondoka na mizigo vichwani, na wengi hawakurudi. Vihenge vikawa vitupu, kisha mvua nazo zikakosa.

Njaa iliyofuata ilidumu kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Wagogo waliiita mtunya, jina lenye maana ya kugombania, kwa vile watu walifika mahali pa kunyang'anyana chakula. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma watu wapatao 30,000 walikufa kati ya watu 150,000. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Angalieni jambo hili, akina mama wenzetu. Wengi wa hao hawakupigwa risasi. Vita vilikwisha kupita mashambani mwao na kwenda mbele, navyo vikaacha vihenge vitupu. Vita vya namna hii ndivyo visivyoonekana mezani.

Biblia nayo imeliona jambo hili. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 6, Wamidiani hawakuwajia Waisraeli wakati wowote tu. Walikuja baada ya mbegu kupandwa, pamoja na mifugo yao na ngamia, wakaharibu mazao yote. Ndiyo maana Gideoni anaonekana kwanza akipura ngano kwa kujificha. Kabla ya kuwa shujaa wa vita, alikuwa mtu anayeficha chakula cha nyumbani mwake.

SHERIA MPYA ZA MCHEZO

Hatukumnyang'anya kijana askari wake. Asubuhi tulitengeneza kihenge cha udongo, kisha tukaongeza sheria chache. Mnaweza kuzijaribu.

1. Shamba lina mbegu 12 za ubuyu. Hayo ndiyo mavuno.

2. Familia ya tembe inahitaji mbegu 8 ili ifike mavuno yajayo.

3. Kila kikosi kinakula mbegu 1 katika kila mzunguko wa mchezo.

4. Mchezo ukiisha, kihenge kinahesabiwa kwanza, askari baadaye.

Siku ya kwanza palikuwa na vikosi 4, viwili kila upande, na mizunguko 3. Kijana alishinda vizuri sana, akakiteka kilima. Kisha tukahesabu: vikosi 4 mara 3 ni 12. Kihenge kilikuwa kitupu. Dada yake akaichukua familia ya udongo akaipanga mbele ya tembe, wala hakusema neno.

Siku ya pili kijana akaja na mpango. Chakula cha jeshi kitaletwa kutoka mbali, kwa wapagazi. Bibi akamwuliza, "Naye mpagazi anakula nini njiani?" Tukaongeza sheria ya 5: kila mpagazi anabeba mbegu 2, anakula 1 njiani, anafikisha 1. Ili kulisha vikosi kwa mbegu 12 alihitaji wapagazi 12. Kijiji kizima cha udongo hakikuwa na watu 12. Akawatoa wote waliokuwapo, wanawake na vijana, na shamba likabaki bila mkulima.

Siku ya tatu tuliingiza mvua, na hapo ndipo watoto walipoelewa. Tulirusha sarafu: upande mmoja mvua, wa pili ukame. Kwa kuwa wakulima wamekwenda na mizigo, lililopandwa ni nusu ya shamba. Mvua ikinyesha yanapatikana mavuno ya mbegu 6, ikikosa yanapatikana 2. Familia inahitaji 8. Kijana akairusha sarafu mara nne, akitafuta upande utakaomwokoa. Haukuwapo. Mvua ilinyesha mara mbili, na bado chakula hakikutosha.

Akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo walikosa hata kama mvua ingenyesha?"

Bibi akamjibu, "Mvua hailimi, mwanangu. Mvua humkuta mtu shambani."

WATU WAZIMA NAO HUJENGA NCHI YAO MEZANI

Msidhani kwamba kazi hii ni ya watoto tu, au kwamba lazima iwe ya vita. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia nyingine. Mwaka 2006, huko Nessuit, jamii ya Waogiek ilijenga nchi yake ya msitu wa Mau kwa maboksi, kwa njia ile ile ya kilima chetu: tabaka juu ya tabaka. Kipimo chao kilikuwa moja kwa 10,000, yaani sentimita 1 kwa mita 100. Wazee wakakaa kuizunguka ile nchi ndogo wakakumbushana majina ya mito na mipaka ya koo, na vijana wakayasikia. Wakaweka alama kwa pini, nyuzi na rangi. Nchi iliyokuwa kichwani mwa wazee ikawa mahali ambapo mtoto anaweza kuigusa, na mgeni hawezi kusema kwamba hapakuwa na mtu.

Nasi tuliona jambo kama hilo nyumbani. Bibi alipokwisha kuizoea meza, alianza kuisahihisha. Kisima hakikuwa pale, kilikuwa huku. Njia ya ng'ombe ilizunguka mbuyu kwa upande wa jua kuzama. Hapa palikuwa na shamba la dada yake. Tangu Serikali ihamie Dodoma na mji kuwa jiji mwaka 2018, mashamba mengi ya pembezoni yamepimwa viwanja. Huenda watoto wetu watajenga nyumba nzuri juu yake, nasi tutashukuru. Lakini ni vema wajue wamejenga juu ya nini, na kwamba palikuwa na mtu aliyepajua kwa jembe.

NENO LA MWISHO

Mama mpendwa, hatukuja kukuambia kwamba askari wa kuchezea ni dhambi, wala kwamba mchezo mmoja utambadilisha mtoto. Kijana wetu bado anawapenda askari wake. Ila amebadilisha mwendo wao. Siku hizi anawapitisha nyuma ya kilima, mbali na uwele, hata kama njia hiyo ni ndefu na inamfanya ashindwe. Dada yake naye amechimba shimo dogo chini ya tembe, akaficha humo mbegu 8 na kulifunika kwa mchanga. Kaka yake analijua, na hajaligusa.

Mtoto akija na vita mezani, basi usiharakishe kumfukuza. Vuta kiti. Mwulize shamba hili ni la nani, watu wake wangapi, na kihenge kiko wapi. Kama una mzee nyumbani, mwite naye aje, kwa sababu wanaoyakumbuka haya hawazidi kuongezeka. Nabii Isaya katika sura ya 2 aliona siku ambayo silaha zitafuliwa upya na kuwa vifaa vya mkulima. Siku hiyo hatujaifikia. Lakini mtoto aliyelima shamba kwa vidole vyake, hata la ukubwa wa sahani mbili, hatakuwa mwepesi wa kulikanyaga la mwenzake.

Sisi tumeirudisha meza yetu kwenye kazi yake. Kijiji kimehamia juu ya kabati, na jioni tunakula ugali pale pale palipokuwa na vita. Kabla ya kunawa, kijana ndiye anayeomba baraka ya chakula. Zamani aliomba haraka haraka. Sasa anataja na waliolima.